La-Mulana: gemu ile ile, huyu anaisifu yule anailaani

Kuna jiwe moja ndani ya gemu ya La-Mulana, liko mapema tu kwenye magofu, ukilisoma linakuonya usilisome tena. Basi, mimi nikalisoma, nikacheka, nikaendelea na safari. Lakini tulikuwa watu watatu mbele ya laptopu moja, mimi, jirani yangu na rafiki yangu Mkongo, chumbani Kawempe hapa Kampala, na huyo Mkongo ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha akauliza, "mukubwa, lile jiwe limesema nini?" nikamwambia ngoja nikusomee vizuri nikutafsirie, nikarudi, nikalifungua mara ya pili. Ndio hivyo. Gemu ikatuhamishia kwenye hali ngumu, maadui wakawa wazito zaidi, na kitufe cha kurudisha hakuna, labda uwe na sevu ya nyuma, na sevu yetu sisi ilikuwa ya kabla ya kazi ya saa tatu nzima.

Kosa langu ni kutafsiri tu, banange.

Usiku ule nikaingia mtandaoni kusoma riviu, na kusema kweli nilikuwa natafuta tu mtu wa kukasirika pamoja na mimi. Nikakuta kitu cha ajabu. Kuna wahakiki wanaosema hii ni moja ya gemu bora kabisa za aina yake, wanaiongelea kama watu waliotoka kuhiji, halafu kuna wengine wanasema ni ya kutesa watu, haina adabu, haiheshimu muda wa mchezaji. Na ukiwasoma polepole unaona wanataja vitu vile vile, mafumbo yale yale, kuanguka kule kule. Hawabishani juu ya kilichomo. Sasa wanabishana juu ya nini?

Swali hili nimelikalia muda, na jibu langu ni kwamba wengi wao walicheza peke yao gemu ambayo mzizi wake ni wa kuchezwa na kundi, hata kama padi ni moja. Ila kufika hapo kuna mafundo ya kufungua kwanza, maana yamefungwa pamoja vibaya.

Tuanze na gemu yenyewe. La-Mulana ilitoka mara ya kwanza 2005 huko Japani, bure, ya kompyuta za Windows, imetengenezwa na kikundi kidogo kilichojiita GR3 Project, mkubwa wao Takumi Naramura. Hawa walikuwa watu wa MSX. MSX kwa asiyejua ni aina ya kompyuta za nyumbani zilizotangazwa 1983, kampuni ya ASCII ya Japani ikishirikiana na Microsoft, makampuni mbalimbali yanatengeneza mashine lakini kaseti ya gemu inaingia kote. Kwetu Uganda 1983 watu walikuwa na mambo mengine ya kuwaza, lakini kule watoto walikua na hizo mashine, na gemu moja ya kampuni ya Konami ya 1987, The Maze of Galious, iliwakaa hawa jamaa kichwani mpaka miaka 18 baadaye wakatoa kitu cha ukoo ule ule: rangi chache, pikseli kubwa kubwa, muziki wa kulia lia lakini mtamu, ukiulala nao unaamka nao.

Wewe ni Lemeza Kosugi, profesa wa mambo ya kale mwenye kofia na mjeledi, na mkobani amebeba laptopu ya kizamani. Anashuka kwenye magofu makubwa sana chini ya ardhi, yana walinzi wakubwa wanane wamelala humo, na kumuamsha mlinzi mmoja tu ni shughuli, achilia mbali kumuua. Kuta zimejaa mawe ya maandishi, lazima ununue kifaa cha kuyasoma, na mengine yameandikwa kwa lugha ya kale kwa hiyo unahitaji pia programu ya kuitafsiri. Nyuma ya ukuta sehemu nyingine kuna macho yanakutazama, ukipiga mjeledi kitu ambacho hukutakiwa kukipiga radi inakushukia hapo hapo. Ramani haikuambii uende wapi. Hakuna mshale, hakuna mzee wa kukushika mkono, yupo mzee mmoja nje lakini yeye anapenda kupiga soga zaidi kuliko kusaidia.

Sasa fundo la kwanza, na hili watu hulipita mbio: ukisema "riviu za La-Mulana" unasema riviu za ipi? Ile ya 2005 haikuwa na duka wala kampuni ya kuitangaza, nje ya Japani watu waliipata hasa baada ya mashabiki kutengeneza pachi ya Kiingereza, yaani kiraka cha kubadilisha lugha ya gemu, mwanzoni mwa 2007. Halafu kikundi kile kile, sasa kinaitwa Nigoro, kikaitengeneza upya, ikatoka kwenye Wii, mashine ya Nintendo, Japani 2011, ikaja kwenye kompyuta Julai 2012, ikaingia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, Aprili 2013, baadaye ikafika kwenye Vita, mashine ya mkononi ya Sony, na 2020 ikaletwa kwenye mashine za kizazi kile pamoja na sehemu ya pili. Kwa hiyo kuna riviu ya mtu aliyedaunilodi bure na kuishi nayo mwaka mzima, na kuna riviu ya mtu aliyepewa na mhariri wake Jumatatu kodi (namba za kufungulia gemu) anatakiwa alete makala Alhamisi. Zote zina jina moja juu. Ukizichanganya kwenye sufuria moja lazima upate uji usioeleweka.

Fundo la pili ni neno lenyewe, "ngumu". Tunalitumia kama vile ni kitu kimoja. Kuna ugumu wa mikono: bosi ana kasi, kuruka kunataka usahihi, unakufa mara 40, mkono unazoea, unapita. Huo wahakiki wanaujua na siku hizi wanauheshimu sana, hasa tangu gemu ya mapigano ya Dark Souls ilipotoka 2011 na kufa kukawa kama sifa. Kuna ugumu wa kichwa, fumbo liko mbele yako, vipande vyote unaviona, kaa chini fikiri. Lakini La-Mulana sehemu kubwa haiko hapo. Ugumu wake ni wa kwanza kabisa kujua kwamba hapa kuna fumbo, halafu kukumbuka kwamba saa sita zilizopita, kwenye chumba ambacho hata hukumbuki jina lake, jiwe lilisema kitu ambacho wakati ule hakikuwa na maana yoyote. Ni ugumu wa daftari. Ni kama ule wa karani wa stoo, sio wa mpiga ngumi.

Kwa hiyo mhakiki akiandika "ni kama Dark Souls ya zamani" anampoteza msomaji. Yule aliyependa Dark Souls kwa ajili ya mapigano atanunua, atashangaa, ataanza kutukana. Mapigano ya La-Mulana kusema ukweli ni ya kawaida, kuruka kwake ni kwa ukaidi, ukishajitupa hewani ni kama umepanda taxi ya Nateete, kushuka katikati ni maneno mengi. Kinachobeba gemu ni yale maandishi na jinsi vyumba vinavyoongea na vyumba vingine.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwetu. Mimi nimekulia Busia, upande wa Uganda, na kulikuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi, mwenyewe alikuwa na tv mbili na vile vimashini vya Kichina vya kaseti, kaseti imeandikwa ina gemu 9999 kumbe ni 20 zimerudiwa rudiwa. Hakuna aliyekuwa na kitabu cha maelekezo. Kama kilikuwepo kilikuwa cha Kichina au Kijapani, tukakifanyia karatasi ya kufungia karanga. Tulijuaje sasa? Kwa mdomo. Mmoja ana padi, kumi wako nyuma yake, na wale kumi ndio ubongo. "Ruka hapo! Hapana, ngoja, hapo juu kuna silaha, lala chini kwanza." Kodi ya maisha 30 ya gemu ya Contra, yaani mpangilio wa vitufe, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia, ilivuka mpaka ikitoka kwa watoto wa upande wa Kenya, hakuna mtu aliyeisoma mahali. Mtoto mmoja aliijua akawa kama mganga, alikuwa anacheza bure wiki nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumaliza gemu peke yake pale, na hakuna aliyeona hilo ni aibu.

Japani walikuwa na kitu hicho hicho ila wao walikiandika. Mfano mkubwa ni The Tower of Druaga ya Namco, 1984, ya Masanobu Endō. Ni mnara wa orofa 60, karibu kila orofa ina kisanduku kilichofichwa na namna ya kukitoa haisemwi popote, pengine uue maadui kwa mpangilio fulani, pengine ufanye kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukifikiria. Na baadhi ya vitu hivyo usipovipata juu hufiki. Ukiisoma hivyo unasema huyu mtengenezaji ana roho mbaya. Lakini kwenye majumba ya gemu kule kulikuwa na daftari limewekwa karibu na mashine, kila mchezaji anaandika alichogundua, orofa ya 14 fanya hivi, orofa ya 22 usiguse kile, na mwingine akija kesho anaanzia pale. Daftari lilikuwa sehemu ya gemu. Na Druaga ilipendwa Japani vibaya sana. Ilipokuja kufika nchi nyingine miaka baadaye ndani ya mikusanyiko ya gemu za kale, imekaa peke yake, bila daftari, bila watu, watu wakaiona kama kichekesho kibaya. Hakuna kilichobadilika ndani ya ule mnara hata tofali moja.

La-Mulana imetoka kwenye ukoo huo. Ndio maana ile ya bure ilipata wapenzi wa kweli: iliangukia mikononi mwa watu waliokuwa tayari wamekaa kikundi, wanachati, wanarekodi video wakicheza na kuelezana, mmoja ameona jiwe, mwingine ameona mlango. Derek Yu, aliyetengeneza gemu ya Spelunky, ameitaja kati ya vitu vilivyomsukuma. Sehemu ya pili mashabiki waliichangia pesa mapema 2014, lengo lilikuwa dola 200,000 zikapatikana zaidi ya 260,000, ikatoka 2018. Watu hawachangii hivyo kitu kilichowatesa tu bure.

Tuje sasa kwa mhakiki. Tumuonee huruma kidogo, maana huku mitaani tunadhani ni mtu anayelipwa kucheza. Anapata gemu kabla haijatoka, mara nyingi kwa makubaliano kwamba asichapishe chochote mpaka siku na saa fulani. Siku chache mkononi. Mtandaoni hakuna mwongozo, hakuna video, hakuna mtu wa kuuliza kwa sababu gemu yenyewe bado haipo duniani. La-Mulana inakula makumi ya saa hata kwa mtu mwenye bidii. Amekwama saa nne kwenye chumba kimoja, anazunguka, anapiga kuta, radi inampiga, mhariri anatuma meseji makala iko wapi. Unategemea aandike nini? Ataandika ukweli wake, kwamba inachosha. Na yuko sahihi! Ilimchosha. Ila alichokipima sio La-Mulana peke yake, alipima La-Mulana gawanya kwa siku nne toa marafiki.

Na hapa kuna kitu kidogo nimekigundua kwa kucheza, sijaona wengi wakikisema. Gemu hii ina ucheshi. Ina mitego ya kijinga makusudi, unafungua kisanduku unadondokea shimoni, unapanda tena kwa dakika mbili, mbele kidogo kuna kisanduku kingine, unajua kabisa, na bado unafungua. Ukiwa peke yako saa nane usiku hilo ni tusi. Tukiwa watatu, jirani yangu alikuwa anacheka mpaka anagonga ukuta na mama wa chumba cha pili anatupigia kelele kwa Luganda. Kuna hekalu moja la hiari humo, linaitwa Hell Temple, ni jehanamu ya kweli kweli, watu wanatokwa jasho kulimaliza, na zawadi yake mwisho ni nguo ya kuogelea ya aibu anayoivaa profesa mwenyewe. Hiyo ni kukufuru ukiwa na dedilaini, lakini ni utani wa kupigiwa hadithi ukiwa na watu wa kuwahadithia. Tukio ni moja, anayekasirika na anayecheka wametofautiana kwa idadi ya viti tu chumbani.

Haya, halafu zile maksi. Watu wengi hawasomi riviu wanasoma namba, na namba ya mwisho mara nyingi ni wastani, kama ule wa tovuti ya Metacritic ambao upo tangu 2001 na unawapa baadhi ya wahakiki uzito kuliko wengine bila kutangaza ni kiasi gani. Sasa chukua gemu kama hii, huyu anatoa 90 yule anatoa 50, wastani 70. Nani alisema 70? Hakuna. Sabini kwa kawaida inamaanisha "iko sawa sawa, haina ubaya", na La-Mulana ni kila kitu isipokuwa iko sawa sawa. Wastani unafanya kazi vizuri kwa gemu ya mpira inayotoka kila mwaka, kwa gemu inayogawa watu unatoa namba ya mtu ambaye hajazaliwa. Na namba hizi sio mchezo, kuna mkasa unaojulikana wa gemu ya Fallout: New Vegas ya 2010, studio iliyoitengeneza iliahidiwa bonasi ikifika 85 na ikaishia 84. Pointi moja, chakula cha watu.

Kule Steam ni hadithi tofauti na watu wanaichanganya na hii. Ile asilimia ya Steam sio maksi, ni watu wangapi wamesema ndio ukilinganisha na waliosema hapana. Gemu ambayo kila mtu anaona ni nzuri kiasi inaweza kupata asilimia 95. Tena angalia nani anapiga kura: aliyenunua. Na anayenunua La-Mulana miaka mingi baada ya kutoka sio mpita njia, ameshasikia sifa zake mbaya zote, ameshaona video, ameamua kwa macho mawili kwamba anataka kuteswa. Huyo atakwambia ni nzuri. Kwa hiyo ukiona wachezaji wanaipenda kuliko wahakiki usikimbilie kusema wahakiki hawajui kitu, wahakiki walitumwa na wachezaji walijituma, na mtu aliyejituma hata mzigo hauhisi sana.

Lugha nayo. Hili kwetu ni kubwa kuliko kwao. Gemu ya daftari inasimama kwenye maneno, mshale haupo kwa hiyo neno ndio mshale. Maneno yameandikwa Kijapani, yakahamishwa Kiingereza, mara ya kwanza na mashabiki na baadaye rasmi, na kila uhamisho unamwaga maji kidogo. Fumbo la maneno likikosewa neno moja sio fumbo tena, ni ukuta. Wahakiki wengi waliosema "dokezo halieleweki" huenda walikuwa wanalalamikia mtafsiri bila kujua. Sisi tukaongeza uhamisho wa tatu, Kiingereza kwenda Kiswahili, na Kiswahili chetu wenyewe ni cha aina tatu, changu cha Busia, cha rafiki yangu cha Kongo, na cha jirani ambaye alikijifunza kwa baba yake askari. Baraza la mawaziri lilipitisha 2022 kifundishwe shuleni lakini sisi tulishakuwa wakubwa, kila mtu na chake. Kuna jiwe moja tulibishana nusu saa juu ya neno moja, mimi nasema ni kupanda kwa maana ya kwenda juu, rafiki yangu amelisikia ni kupanda mbegu, akawa anatafuta shamba ndani ya magofu. Lakini ubishi ule ule ndio ulitufanya tulisome tena taratibu (hilo liliruhusiwa kusomwa tena) tukaona tulichoruka.

Lile toleo la upya Nigoro walisikia malalamiko, tuwape haki yao. Kuruka kumelegezwa, baadhi ya mafumbo yamebadilishwa, madokezo yamewekwa karibu au yamesemwa wazi zaidi, picha zimepakwa rangi nyingi. Wahakiki wapya wakasema afadhali, wazee wa 2005 wakanuna. Kwenye ile ya zamani ulikuwa unaokota kaseti za MSX humo magofuni zenye majina ya gemu za kweli, unachomeka mbili pamoja kwenye laptopu unaona zinafanya nini, kwenye mpya zimekuwa programu tu zisizo na majina yale. Ni kitu kidogo, lakini kwa mtu aliyekulia na kaseti ni kama wameipaka nyumba ya bibi yako rangi ya benki. Mimi nasimama na toleo jipya, kwa sababu mikono yangu sio ya 1987, ila nawaelewa.

Sasa kuna swali la haki: mbona gemu nyingine za siri siri kama hizi zimesifiwa na karibu kila mtu? Fez ya 2012 ilikuwa na lugha yake ya kubuni, na fumbo moja la jiwe jeusi ambalo watu mtandaoni walilifungua kwa kujaribu jaribu michanganyiko wakisaidiana, sio kwa kulielewa. Tunic ya 2022 ya Andrew Shouldice, ndio hii iliyonigusa zaidi, unaokota kurasa za kitabu cha maelekezo humo humo ndani ya gemu na kitabu kimeandikwa kwa herufi usizozijua, yaani ni sisi kabisa pale kibandani Busia na kile kitabu cha Kichina, ila sisi tulifungia karanga. Animal Well ya 2024, Billy Basso aliitengeneza miaka kama saba hivi, haifiki hata megabaiti 40, bando la siku linatosha na chenji inabaki ya rolex, ile chapati ya mayai.

Tofauti ni kwamba hizi tatu zina njia ya kati inayopitika peke yako. Unaweza kufika mwisho, ukaona majina ya watengenezaji yanapita, ukaandika riviu yako ukalala, na zile siri za kuua ziko pembeni kwa wenye muda. La-Mulana imeweka siri za kuua katikati ya barabara. Na kitu kingine, wachapishaji wamejifunza, siku hizi wengine wanawafungulia wahakiki chumba cha gumzo cha pamoja kabla gemu haijatoka, wanaulizana, wanapeana madokezo. Yaani wamewarudishia kibanda.

Wapi wahakiki wakali wako sahihi moja kwa moja, bila kuwatetea wala kuwalaumu? Kwanza kupoteza muda kwa kurudi. Ukifa mbali na sehemu ya kusevu unatembea vyumba vile vile tena, hapo hakuna fumbo wala ukoo wala utamaduni, ni kuchoshwa tu, na siku stima ikipotea kabla hujasevu ndio utajua hujui. Pili kuna mafumbo machache, sio mengi, ambayo dokezo lake hata ukilishika mkononi halikupeleki, tuliangalia jibu mtandaoni na bado tukaulizana lilitoka wapi. Hayo ni makosa, hata kundi la watu 20 lisingeyaokoa bila bahati.

Ila pale wanapoandika "huwezi kumaliza bila kuangalia mwongozo" kama hukumu ya kifo, hapo ndio sikubaliani. Mwongozo ni daftari la jumba la gemu lililohamia kwenye intaneti. Shida yake sio kwamba upo, shida ni kwamba unamwaga kila kitu kwa mpigo, ulitaka kujua kama uko chumba sahihi, ukajikuta umesoma na bosi wa mwisho. Mtoto wa nyuma pale kibandani alikuwa anakupa nusu jibu, kwa sababu na yeye hajui lililobaki, na hiyo nusu ndio tamu yenyewe. Kwa hiyo mimi nikisoma riviu ya gemu kama hii sasa naanza na mambo mawili, imeandikwa lini kulingana na siku gemu ilipotoka, na je anasema alicheza na nani. Maksi naiangalia mwisho kama bei ya kitu nisichonunua.

Sisi bado hatujamaliza. Tulianza upya baada ya lile jiwe, tukafungua daftari la kurasa 96, ukurasa wa kwanza jirani akachora fuvu la kichwa na kuandika chini yake USIGUSE kwa herufi kubwa, tumeua walinzi watano kati ya wanane. Halafu Juni rafiki yangu Mkongo akapata kazi Arua, akaondoka na basi la usiku, na daftari likaenda naye ndani ya begi kwa bahati mbaya, au anavyodai yeye. Jana tumekwama mbele ya mlango tunaojua kabisa tuliwahi kuuandikia kitu. Nikampigia.

"Fungua ukurasa wa 31," nikamwambia, "nisomee kila kitu, na michoro unieleze."

Akanyamaza, karatasi zinasikika.

"Mukubwa, hapa umeandika tu 'kumbuka hii'."